Maswali ya Bustani: Kiwanja cha Kisauni Kipandwe kwa Misimu Mingapi?

Swali

Assalamu alaykum, ndugu mwandishi. Mwaka jana tulihamia nyumba ambayo mume wangu aliijenga kidogo kidogo kwa muda wa miaka sita, katika kiwanja cha futi 40 kwa 80 hapa Kisauni. Nyumba imekula zaidi ya nusu ya kiwanja. Kilichobaki ni ukanda mwembamba wa mbele, njia ya pembeni, na uani palipo na tangi, kamba za nguo na shimo la choo. Ardhi imejaa kifusi cha mafundi, na ukichimba kidogo tu jembe linagonga matumbawe. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na kisima chetu kina maji ya chumvichumvi. Mavyaa wangu anataka asumini na mkilua, watoto wanataka mwembe, mimi nataka mboga na ndimu za jikoni, na baba yao anasema tuweke kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, kila mahali tupumzike na vumbi. Fedha ninazoweza kutenga kila mwezi ni chache. Nianzie wapi, na nianze mwezi gani?

Mama wa Watoto Watatu, Kisauni

Jibu

Waalaykumu salamu, dada yetu. Barua yako imenifikia mwezi wa Agosti, na hiyo ni bahati, kwa sababu neno langu la kwanza ni kwamba mwezi huu usipande kitu chochote, wala usinunue mche hata mmoja, hata kama muuza miche atakupunguzia bei mpaka ukaona haya kukataa.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nilipohamia nyumba yangu ya kwanza kule Mikindani, nilikodi pikapu Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, nikaenda kwa muuza miche wa kando ya barabara, nikarudi na miche 34 ya kila namna, kuanzia miwaridi hadi miparachichi, na yote nikaipanda kabla ya adhana ya magharibi. Kaskazi ilikuwa inavuma, mvua hakuna, na mimi nilikuwa natoka kazini usiku. Kufikia mwezi wa Machi miche iliyobaki hai ilikuwa mitano, na mmoja katika hiyo mitano ulikuwa mkungu nilioupanda hatua mbili kutoka ukutani, ambao baada ya miaka tisa ulinifanya nimlipe fundi mara mbili, mara moja kuukata na mara ya pili kuziba ufa.

Mwezi huu na ujao, kazi yako iwe ni kutazama. Chukua karatasi, uchore kiwanja chako bila kujali uzuri wa mchoro, uonyeshe kuta, tangi, kamba za nguo, shimo la choo na mahali maji ya mvua yanapotuama. Kisha uandike jua linapopiga asubuhi, adhuhuri na alasiri. Jambo hili watu wengi hulipuuza, na matokeo yake ni mchicha uliokonda kivulini na mrehani uliobabuka juani. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima, bali mwezi wa Juni huegemea kaskazini, na mwezi wa Desemba huegemea kusini. Ukuta wenye kimo cha mita 3 hutupa kivuli cha kama mita moja na nusu upande wake wa kusini adhuhuri ya Juni, na kivuli cha kama mita moja upande wake wa kaskazini adhuhuri ya Desemba. Mahali unapopaona leo pana kivuli kizuri, basi, huenda pakawa kikaango wakati wa kaskazi. Jua la alasiri, linalopiga upande wa magharibi, ndilo linalochoma zaidi, kwa kuwa huukuta ukuta umekwisha kupata moto tangu adhuhuri.

Katika kipindi hicho hicho, chimba mashimo matano ya majaribio katika sehemu mbalimbali, kila moja liwe na kina cha mkono hadi kiwiko, ulijaze maji jioni, na asubuhi ukaangalie. Shimo lililokauka lina mwanya unaopitisha maji, na hapo panafaa mti. Lililobaki na maji mpaka siku ya pili lina mwamba mzima chini yake, na ukipanda mpapai hapo mizizi itaoza katika mvua kubwa za kwanza, hata ukiutia samadi ya zizi zima.

Sasa tuje kwenye udongo, ambao ndio utakaokula fedha zako nyingi, na ndivyo inavyopasa. Kama unaweza kutenga shilingi 100, basi 70 ziende kwenye udongo, na miche igawane zilizobaki. Kwanza ondoa kifusi, hasa mabonge ya plasta na saruji. Matumbawe yenyewe ni chokaa, na saruji huongeza chokaa juu ya chokaa. Udongo wa namna hiyo huyafunga madini ya chuma hata mmea usiweze kuyafyonza, na ndiyo sababu utaona mdimu wa jirani una majani machanga ya manjano ambayo mishipa yake imebaki kijani. Wengi hudhani mti huo una kiu, wakauongezea maji, tena ya kisima, na ukazidi kudhoofika. Dawa yake ya kudumu ni mboji na samadi iliyooza sawasawa, inayorudishwa kila msimu, wala si mfuko mmoja wa mbolea ya dukani.

Ukitaka kuona jambo hili limefanyika kwa ukubwa, huna haja ya kwenda mbali, kwani Haller Park iko Bamburi, karibu na kwako. Pale palikuwa na machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe usio na hata gao la udongo. René Haller alipoanza kazi ya kuyafufua mwaka 1971, alijaribu aina 26 za miti, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje ulikubali kuota, lakini majani yake membamba yalianguka yakabaki pale pale bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wale wale ambao watoto wetu huwaogopa, wakayala na kuyageuza kuwa mbolea. Udongo ulipoanza kufanyika ndipo miti mingine ikafuata, na baada yake wanyama. Mpango wako uani ni huo huo kwa kipimo cha futi, yaani anza na kinachovumilia, kitengeneze udongo, kisha ulete kinachodeka. Na jongoo ukimkuta chini ya mboji, tafadhali usimtilie chumvi.

Mboji yenyewe ianze Agosti hii hii. Tafuta pembe yenye kivuli, uipange mawe ya kifusi mduara wa kimo cha goti, kisha utie ndani maganda ya ndizi na muhogo, majani makavu, majivu kidogo sana ya jikoni (kidogo, kwa sababu majivu nayo huongeza ukali wa chokaa) na samadi ya mbuzi kila upatapo. Machicha ya nazi yafukie katikati, usiyaache juu, kwa maana panya wa Kisauni hawahitaji kualikwa mara mbili. Yanyunyizie maji, uyapindue kila wiki mbili, na kwa joto letu utapata mboji nyeusi inayonukia udongo katika muda wa miezi mitatu hivi.

Mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zinapoanza kunusika, ndipo utapanda kwa mara ya kwanza, na utapanda mahali pamoja tu. Ningekushauri pawe kando ya mlango wa jikoni, tuta moja la urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, lililozungushiwa mawe na kuinuliwa kiasi cha shubiri moja na nusu juu ya matumbawe. Upana usizidi hapo, ili mkono wako ufike katikati bila kukanyaga udongo. Huenda mahali pengine pakawa na udongo bora zaidi, lakini mlango wa jikoni ndio utakaoupita mara 20 kwa siku, ukaona kiwavi kabla hajamaliza jani, ukang'oa gugu huku sufuria ikichemka. Panda mchicha, ambao utauchuma baada ya wiki tatu au nne na kukutia moyo. Panda mabenda machache, miche miwili ya pilipili, na kunde, ambayo utakula majani yake huku mizizi yake ikiurudishia udongo rutuba. Mrehani uutie pembeni. Tungule ziache mpaka msimu wa pili, kwani hudai udongo uliokomaa na mikono iliyozoea, na mwenye kuanza nazo mara nyingi huishia kulea magonjwa. Kotmiri nayo ipande kivulini, kidogo kidogo kila wiki mbili, maana joto likizidi hukimbilia kutoa maua.

Katika vuli hiyo hiyo mwombe mavyaa wako akuletee vipande vya asumini kutoka kwa mashoga zake, uvichomeke katika makopo yenye udongo mchanganyiko na uyaweke kivulini. Havina gharama, hushika kwa urahisi, naye atajua kwamba jambo lake halikusahauliwa. Mkilua, hata hivyo, mweleze kwa adabu kwamba utakuja mwisho. Ule ni mti wa msituni, uliozoea kukua chini ya vivuli vya miti mingine, na ukiupanda leo katika kiwanja kitupu utakauka kwanza upande wa jua, kisha wote. Mti utakaouandalia kivuli ni mzunze, ambao wengine huuita mronge. Chomeka vipande viwili vya tawi vyenye urefu wa mita moja kwenye mstari ambao karatasi yako inaonyesha jua kali la alasiri, na kabla ya mwaka kwisha utakuwa na kivuli chepesi na majani ya mboga pia. Mwarobaini una kivuli kizuri kuliko mzunze, lakini katika kiwanja cha futi 40 mizizi yake itafika shimo la choo kabla watoto hawajamaliza shule.

Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi itavuma na jua litakuwa kali. Usipanue bustani wakati huo, bali uilinde ile uliyo nayo. Funika tuta kwa nyasi kavu au makumbi ya nazi yaliyopasuliwa, utandike kuti moja au mawili juu ya vijiti upande wa magharibi, na umwagilie alfajiri au baada ya alasiri kupoa. Maji ya kisima yenye chumvi yamwage chini kwenye udongo, usiyanyunyize juu ya majani, kwa sababu yakikauka huacha chumvi inayounguza kingo za jani mpaka likawa kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mnazi na mkomamanga huyavumilia kiasi, lakini ndimu, maharage na mrehani hazina subira nayo. Hizo ziwekee maji ya mfereji, au bora zaidi maji ya mvua. Hesabu yake ni nyepesi, kwani mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita 60 za mraba, ni lita 600, na hata ukipoteza theluthi utabaki na mitungi 20 ya lita 20. Weka mfereji wa bati ukingoni mwa paa na pipa chini yake. Pipa hilo liwe na kifuniko au kitambaa kilichofungwa kwa mpira, na visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila baada ya siku chache, kwa kuwa mbu wa homa ya dengi hutaga katika maji safi yaliyotuama, na Mombasa tumekwisha kuionja homa hiyo mwaka 2013 na tena 2017.

Mashimo ya miti yachimbwe mwezi wa Februari, wakati ardhi ni kavu na vibarua wana nafasi. Kila shimo liwe na sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina, na kama ni matumbawe tafuta mtu mwenye mtaimbo na sululu, usimpe kazi hiyo kijana mwenye jembe tupu. Changanya udongo wa juu na mboji yako iliyoiva na samadi, uujaze mpaka ubaki na kichuguu kidogo, kisha uuache utulie. Mvua za masika, ambazo wazee wetu huziita mvua za mwaka, zikishika sawasawa mwezi wa Aprili, wakati upepo umegeuka kuwa kusi, ndipo utapanda miti mitatu au minne ya mwaka wa kwanza. Usisubiri mwisho wa Mei, mwezi ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi kwetu, kwa sababu mche unatakiwa uwe umekwisha kushika kabla mvua hazijapungua.

Miti hiyo ni ipi? Mdimu uliounganishwa, upande wa mashariki wa nyumba, mita 3 au zaidi kutoka ukutani, nao utaanza kukupa ndimu baada ya miaka miwili au mitatu. Mkomamanga mbele, kwa kuwa hauchukii chokaa wala upepo, na maua yake mekundu yatamnyamazisha anayesema bustani ya mboga haipendezi. Mgomba mmoja mahali yanapotokea maji ya bafuni, ila siku ya kufua kwa sabuni nyingi uyaelekeze kwingine. Na mpapai, ambao mbegu zake utazipata katika papai uliyoila na kuipenda. Otesha miche mitatu katika shimo moja na usiwe na haraka ya kupunguza. Baada ya miezi mitano hivi itatoa maua, na hapo inama uangalie. Ule ambao maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, kama shada linaloning'inizwa mlangoni, ni dume, uung'oe. Ule ambao ua lake limekaa karibu kabisa na shina, nono, lenye kijipapai kidogo tumboni, ndio wa kubaki.

Watoto nao wapate mwembe wao, lakini mmoja tu, uliounganishwa, wa apple au boribo, na uwe katika ile pembe ya mbele iliyo mbali na nyumba. Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa kuhusu aina zinazofaa Pwani kabla ya kununua barabarani, kwa maana mche usiojulikana asili yake utaujua baada ya miaka mitano, wakati umekwisha kuupenda. Na uwe tayari kuukata vilele kila baada ya mavuno ili usipite kimo cha ngazi ya nyumbani.

Kuhusu kabro, usigombane na baba watoto, kwani ana haki ya kuchukia vumbi. Mpe njia ya pembeni na mahali pa kamba za nguo. Mwombe tu mambo mawili, kwamba aache ukanda wa sentimita 60 bila kabro kando ya ukuta wa mbele, ambako asumini itapanda juu ya waya, na kwamba fundi auelekeze mteremko wa kabro kwenye tuta na mashimo ya miti, wala si barabarani. Kabro iwekwe baada ya mashimo kuchimbwa. Ikitangulia, utalipa kuitoa.

Vuli ya pili utaongeza tuta la pili, na asumini itatoka koponi kwenda ukutani. Masika ya pili utaziba mapengo ya miche iliyokufa, maana lazima itakufa michache, na ndipo mzunze ukiwa umetanda utamwita mavyaa wako aje achague mwenyewe mahali pa mkilua.

Swali

Ninaishi ghorofa ya juu katika nyumba ya zamani Mji wa Kale, na sina ardhi kabisa isipokuwa sakafu ya juu ya nyumba. Je, naweza kuanza bustani ya vyungu pale, na vingapi?

Msomaji, Mji wa Kale

Jibu

Waweza, lakini kabla ya kuuliza habari za mimea uliza kwanza habari za boriti. Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale zina sakafu ya mawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zimezeeka pamoja na nyumba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wenye maji huweza kufika kilo 30 au zaidi, kwa hiyo ndoo kumi ni kama kupandisha watu wanne wakae pale mchana na usiku bila kushuka. Mwite fundi anayezijua nyumba hizo aangalie boriti kwa chini, hasa zile zenye alama ya maji au unga wa mchwa, na vyombo vyako uvipange kandokando, juu ya kuta zinazobeba, usiviweke katikati ya chumba.

Anza na vitatu, mrehani, pilipili na mshubiri, uvitazame kwa kaskazi moja nzima. Uzito utaupunguza ukichanganya udongo na makumbi ya nazi yaliyosagwa, na tundu za chini zipasuliwe pembeni kidogo mwa kitako, upana wa kidole cha mwisho, ili maji yasijifungie ndani. Kila chombo kiinue juu ya vipande viwili vya mbao, kwa sababu unyevu unaokaa chini ya ndoo hupenya polepole kwenye chokaa, na jirani wa chini ataiona bustani yako darini kwake kabla hajapata majani ya mrehani.